Winchester 97: Pima Chemba Kabla ya Kuuliza Bei

Winchester Model 1897, kwa kifupi 97, ni bunduki ya pampu inayopiga marisau (vigololi vidogo), na si bunduki adimu. Kiwanda cha New Haven, Connecticut, kilitoa zaidi ya milioni moja kuanzia 1897 hadi 1957, na nyingi bado zimo vyumbani, darini na kwenye minada ya mali za marehemu kote Marekani. Inatambulika kwa haraka: ina nyundo ya nje nyuma ya fremu (mwili wa chuma wenye mtambo), na bomba la risasi limelala chini ya mtutu. Anayeirithi huwa na maswali mawili, imetengenezwa mwaka gani na ina thamani gani. Mimi huanza na la tatu: chemba yake, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ina urefu gani? Tarehe ukikosea unapoteza pesa. Chemba ukikosea unaweza kupoteza vidole.

Kwanza hakikisha haina risasi. Elekeza mdomo wa mtutu mahali salama, kidole kikae mbali na triga, bonyeza kitufe kilicho ubavuni kulia mwa fremu, kisha vuta mpini wa pampu hadi mwisho. Kibebeo cha risasi kitashuka chini ya fremu. Angalia sehemu tatu, na kila moja uiguse kwa kidole: ndani ya chemba, juu ya kibebeo, na mdomo wa bomba la risasi ambapo unapaswa kuona kisukumio na si kitako cha risasi. Watu wengi huangalia chemba peke yake. Risasi inayobaki juu ya kibebeo ndiyo huingia chembani mara pampu inaporudishwa mbele.

Sasa chemba. Urefu unaoandikwa kwenye boksi la risasi za marisau ni urefu wa ganda likiwa limeshalipuka na mdomo wake umefunguka. Risasi ya inchi 2¾, yaani milimita 70, kabla ya kupigwa ina takriban milimita 60 tu kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Ndiyo maana inaingia bila kipingamizi kwenye chemba ya milimita 65, pampu inafunga vizuri, na mwenye bunduki anaamini kila kitu kiko sawa. Ikilipuka, mkunjo unafunguka ndani ya koo la mtutu, pale chemba inapoanza kubana kuelekea upana wa kawaida. Njia ya marisau inakuwa finyu kwa unene wa ganda, na shinikizo linapanda. Kuingia kwa risasi hakuthibitishi chochote.

Model 97 za geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) zilitengenezwa na fremu ndefu inayopokea risasi ya inchi 2¾ pamoja na ile ya zamani ya inchi 2⅝, lakini mtutu wa miaka ya mwanzo usiuamini bila kuupima. Geji 16 ndiyo yenye mtego mkubwa: kabla ya miaka ya 1930 chemba yake ya kawaida ilikuwa inchi 2 9/16, milimita 65, na risasi za geji 16 zilizojaa madukani Marekani leo ni za milimita 70. Ukiona 97 ya geji 16 yenye namba ya zamani, ichukulie kuwa chemba ni fupi hadi kipimo kiseme vinginevyo.

Kipimo sahihi ni kijiti cha chuma kilichochongwa kwa ajili ya chemba, chenye alama za urefu. Fundi yeyote wa bunduki anacho na hugharimu kidogo kuliko maboksi machache ya risasi. Rula ya chuma itakudanganya. Chemba ya geji 12 mwishoni ina upana wa takriban milimita 20.3, na rula ya upana wa milimita 19 hupita pale, ikaingia kidogo kwenye koo kabla ya kukwama, hivyo inasoma urefu uliozidi. Makosa hayo yanaangukia upande wa hatari. Kuna mafundi wanaorefusha chemba fupi kwa kuichonga. Inawezekana kama ukuta wa mtutu ni mnene vya kutosha, lakini chuma kikishatolewa hakirudi, na mkusanyaji hupunguza bei mara moja. Kwa maoni yangu ni rahisi zaidi, na heshima zaidi kwa bunduki, kununua risasi za milimita 65.

Kuhusu umri, usianze na orodha za mtandaoni. Anza na chuma chenyewe. Namba ya bunduki imepigwa chini ya fremu, upande wa mbele. Kama ni ile inayogawanyika vipande viwili, namba hiyo hiyo inapaswa kuonekana pia upande wa mtutu, pale unapokutana na fremu. Zikitofautiana, una mtutu wa bunduki moja na fremu ya nyingine. Inaweza kupiga vizuri, lakini si kitu kamili tena. Ile isiyogawanyika ina namba kwenye fremu peke yake, kwa hiyo usihangaike kutafuta ya pili.

Karibu na namba mara nyingi kuna herufi, kama C, D au E. Herufi hiyo inaonyesha toleo la mabadiliko ya kiufundi, haionyeshi mwaka. E ndiyo ya kawaida kuliko zote kwa sababu ndiyo iliyodumu. Ubavuni mwa chuma cha pampu kumeandikwa jina la modeli: za zamani zinasema Model 1897, za baadaye Model 97. Kisha tafuta alama ya yai lenye herufi WP ndani yake, moja juu ya mtutu na moja juu ya fremu. Winchester walianza kuipiga 1905, baada ya bunduki kufaulu jaribio la risasi ya nguvu. Fremu ya kabla ya hapo ikiwa imevaa mtutu wenye WP, mtutu ulibadilishwa au bunduki ilirudi kiwandani. Na yai lenye herufi P pekee lina maana yake: mtutu huo uliuzwa kama spea, ukafungwa nje ya kiwanda.

Namba za 97 hazikuanza moja. Ziliendelea kutoka kwa dada yake mkubwa, Model 1893, ambaye alifikia elfu thelathini na nne hivi. Zote mbili ni kazi ya John Moses Browning wa Ogden, Utah. Ile ya 1893 ilibuniwa wakati wa baruti nyeusi, na baruti isiyo na moshi ilipoingia fremu yake haikuimudu. Winchester wenyewe walikuwa tayari kuzipokea na kumpa mwenye nayo 97 badala yake. Utaitambua kwa sehemu ya juu ya fremu: 1893 iko wazi juu, 97 imefunikwa na ganda linatokea kulia. Ukiikuta 1893, iweke ukutani. Usiipige.

Kwa wanaotaka tarehe ya uhakika, kumbukumbu za kiwanda zimehifadhiwa Cody, Wyoming, katika jumba la makumbusho la silaha lililo ndani ya Buffalo Bill Center of the West. Hutoa barua inayoeleza namba hiyo ilitoka kiwandani lini na ikiwa na nini: urefu wa mtutu, daraja, aina ya kitako. Kwa 97 barua kamili zinapatikana kwa namba za miaka ya mwanzo tu. Orodha za tarehe zinazozunguka kwenye vitabu na mtandaoni hutofautiana na kumbukumbu za Cody, wakati mwingine kwa miaka kadhaa, kwa hiyo muuzaji akikuonyesha orodha usiichukue kama cheti. Tarehe ina uzito wa kisheria pia: Marekani huihesabu silaha iliyotengenezwa kabla ya 1899 kama kale kwa sheria ya shirikisho, hivyo 97 za miaka miwili ya kwanza tu ndizo ziko upande huo. Sheria za majimbo ni habari nyingine. Na kwa msomaji wa Kenya au Tanzania, leseni huja kabla ya bunduki, iwe ya kale au mpya.

Thamani huamuliwa na uhalisi kwanza, kisha hali, kisha uadimu. Utaratibu huo watu huugeuza, na hapo ndipo pesa hupotea. 97 ya kawaida ya kuwindia, iliyochakaa kwa matumizi ya haki, huuzwa kwa mamia ya dola. Iliyobaki na rangi yake ya kiwandani kwa sehemu kubwa, kitako bila ufa na skrubu zisizoguswa, hupanda mara kadhaa. Na iliyopigwa rangi upya iking'aa kama sufuria mpya mara nyingi iko chini ya ile yenye rangi ya kahawia ya uzee.

Jinsi ya kutambua rangi ya pili: tazama herufi za maandishi kwa kioo cha kukuzia. Kiwandani zilipigwa zikawa na kingo kali. Mashine ya kusugua huzifanya zionekane kama zimeyeyuka. Tazama matundu ya skrubu. Kama chuma kinachozunguka tundu kimebonyea kama kisahani, kimesuguliwa. Kona za fremu zinapaswa kukukwaruza kidogo kidoleni, zisiwe za mviringo. Lakini usishtuke fremu ikiwa imegeuka kahawia au zambarau wakati mtutu bado mweusi. Vyuma viwili tofauti huzeeka tofauti, na tofauti hiyo ni dalili nzuri. Vyuma vyote vikiwa na weusi mmoja, bapa, kwenye bunduki ya miaka mia moja, hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Mtutu uliokatwa ni kasoro ya kawaida kuliko zote. Hakikisha tena bunduki ni tupu, funga komeo (chuma kinachoziba nyuma ya chemba), ingiza fimbo ya mbao kupitia mdomo hadi igonge uso wa komeo, weka alama, pima. Za geji 12 za kuwindia nyingi zilikuwa na inchi 30, geji 16 inchi 28, bunduki ya vichakani inchi 26, na ya polisi na walinzi inchi 20. Ukipata kipimo cha ajabu, kama inchi 24 na robo tatu, kuna msumeno ulipita. Thibitisha kwa mdomo: geji 12 ina upana wa ndani wa milimita 18.5, na mtutu ulioandikwa FULL unapaswa kubana mdomoni hadi karibu milimita 17.6. Ukiandikwa FULL na mdomo una 18.5, choki, yaani mbano huo wa mdomoni, ilibaki kwenye kipande kilichotupwa. Chini ya inchi 18 si suala la thamani tena: bila usajili wa shirikisho ni kosa la jinai Marekani. Vifaa vya choki vya kuongezwa mdomoni, vilivyopendwa sana katikati ya karne iliyopita, vilihitaji mtutu kukatwa na vinaiua bei ya mkusanyaji ingawa bunduki inapiga vizuri tu.

Bei kubwa iko kwenye bunduki ya mahandaki, ile ya Jeshi la Marekani ya 1917 na kuendelea, na ndiyo yenye udanganyifu mwingi. Ina mtutu wa inchi 20, kifuniko cha chuma chenye matundu juu ya mtutu ili mkono usiungue, na mahali pa kufunga beneti ya M1917. Ilifanya kazi kiasi kwamba Ujerumani ilipeleka malalamiko rasmi Septemba 1918, na Marekani ikayakataa. Halisi huuzwa kwa maelfu ya dola, kwa hiyo kuna wanaochukua 97 ya kawaida na kuifunga kifuniko kipya. Zilizotoka vitani mara ya kwanza zilikuwa na kifuniko cha safu sita za matundu na fremu isiyogawanyika. Za Vita vya Pili vya Dunia zina safu nne na zinagawanyika. Kifuniko cha safu nne kwenye fremu ya 1917, au alama za jeshi zilizopigwa juu ya rangi badala ya chini yake, ni sababu ya kuondoka mezani. Kuna pia nakala zilizotengenezwa China na kampuni ya Norinco. Ni bunduki za kupigia, si za historia, na zina alama za mwagizaji.

Kabla ya kuipiga, pitia mtambo wake kwa risasi bandia, usitumie risasi hai hata moja. Koki nyundo kisha jaribu kuvuta pampu: isisogee. Sukuma nyundo iliyokokiwa kwa kidole gumba kwa nguvu: isianguke. Rudisha pampu mbele kwa kasi bila kugusa triga: nyundo ibaki juu. Shusha nyundo taratibu hadi nusu, vuta triga kwa nguvu: isishuke. Nusu hiyo ndiyo usalama pekee wa bunduki hii, hakuna kitufe kingine, na meno yake yakiwa yameliwa bunduki haina usalama wowote. Kisha fyatua juu ya risasi bandia na uvute pampu. Itagoma. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: kufuli lake hufunguliwa na msukumo wa risasi, na pasipo msukumo huo unasukuma mpini mbele kidogo ndipo uvute. Browning aliiweka hivyo ili risasi inayochelewa kulipuka isikute komeo limeshafunguka. Ikifunguka yenyewe bila kusukumwa mbele, kufuli limechakaa na bunduki iende kwa fundi.

Shika mtutu kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, ujaribu kuvitikisa. Kwa zile zinazogawanyika, kucheza kidogo ni ugonjwa wa kawaida wenye dawa iliyojengwa humo humo: pete yenye meno mahali mtutu unapoingia fremu, iliyofungwa na skrubu ndogo. Legeza skrubu, zungusha pete jino moja, kaza, unganisha tena. Mtutu unapaswa kuingia kwa nguvu ya mkono bila nyundo wala koleo. Ukimaliza meno yote na bado unacheza, chuma kimeliwa.

Angalia mtutu kwa mwanga. Pete ya kivuli inayozunguka ndani yote ni uvimbe, na mtutu wenye uvimbe haupigwi. Vishimo vidogo vya kutu karibu na chemba ni vya kawaida kwa sababu fataki za zamani (vifuniko vidogo kitakoni mwa risasi vinavyowasha baruti) ziliacha chumvi. Vikiwa virefu, fundi apime unene wa ukuta. Kitako kikague nyuma ya fremu, ambapo mafuta ya miaka yameingia kwenye mbao na kuzilainisha hadi zikapasuka. Ufa hapo hufunguka kwa kila risasi.

Risasi za kutumia ni za marisau ya madini laini ya risasi, gramu 24 au 28, mwendo wa mita 350 kwa sekunde au chini kidogo. Shinikizo la juu linaloruhusiwa Marekani kwa geji 12 ya kawaida ni psi 11,500 (pauni kwa inchi ya mraba), na hakuna sababu ya kumfikisha bibi huyu huko. Risasi za shinikizo dogo zipo sokoni. Marisau ya chuma usiyatie. Ni magumu, hayabonyei yanapopita kwenye choki ya FULL, na yanaacha pete ya uvimbe mdomoni. Kwa kuwa marisau ya madini ya risasi yalipigwa marufuku kwa bata wa majini nchi nzima mwaka 1991, mwindaji wa bata anahitaji bismuthi, ambayo ni laini lakini ghali. Risasi ya donge moja kwenye choki ya FULL nayo iache.

Risasi ya kwanza kabisa ipigwe bunduki ikiwa imefungwa kwenye tairi la gari, triga ikivutwa kwa kamba, na wewe uko nyuma ya kitu kizito. Weka moja tu. Kisha lichunguze ganda: fataki isiwe imerudi nyuma kupita kitako cha ganda, shaba isiwe imevimba upande mmoja, plastiki isipasuke karibu na shaba. Fataki iliyorudi nyuma inasema komeo haligandamani vya kutosha na mtutu. Rudia mara tatu au nne kabla ya kuiweka begani.

Begani kuna mambo mawili. La kwanza, komeo la 97 hutoka nyuma ya fremu pampu inapovutwa, likipita juu ya mkono wako. Kidole gumba kikiwa kimepanda juu nyuma ya nyundo, litakichana kati ya gumba na shahada. Kishushe pembeni. La pili, bunduki hii haina kile kipande kinachokatisha triga kati ya risasi moja na nyingine. Ukiishikilia triga huku unapampu, kila komeo linapofunga risasi inaondoka. Kwa hiyo anayejifunza apewe risasi moja moja hadi kidole chake kizoee kutoka kwenye triga kila mara.

Ukimaliza, gawanya: sukuma pini ya bomba, zungusha bomba robo mzunguko, livute mbele likwame, sogeza mpini mbele, zungusha mtutu robo, utoe. Brashi ya shaba na dawa ya kuondoa baruti ndani ya mtutu, kitambaa kikavu, kisha mafuta mepesi. Mafuta yawe machache, na bunduki ihifadhiwe mdomo ukiwa chini ili yasishukie kitakoni. Mtambo wa ndani usiufungue kwa bisibisi ya jikoni: skrubu za Winchester zina mfereji mwembamba, na bisibisi isiyokaa sawa huutafuna kwa mzunguko mmoja. Mnunuzi mjuzi huziangalia skrubu hizo kabla ya kuangalia namba.